Kabla hujanunua mkweche wa Land Rover: ninavyopiga hesabu ya bei

Mimi ni fundi bodi, niko Kihonda, Morogoro. Kazi yangu ya kila siku ni kunyoosha na kuchomelea magari ya watu, lakini tangu 2014 nimenunua Land Rover nne zilizotelekezwa na kuzifufua moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikula akiba yangu ya miaka mitatu. Hizi tatu zilizofuata hazikunitia hasara, na wala si bahati. Ile ya kwanza niliinunua kwa macho. Hizi nyingine nimezinunua kwa nyundo, daftari na kulala chini ya gari.

Vijana wengi hunipigia simu: "Fundi, kuna Land Rover 109 Turiani, wanataka milioni saba, nichukue?" Siwezi kujibu kwa simu, na hakuna fundi mkweli anayeweza. Ninachoweza ni kukuonyesha njia ya kufika kwenye bei yako mwenyewe.

Nazungumzia 109, ile ndefu, Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa sababu ndiyo ninayoijua ndani nje na ndiyo ninayokutana nayo zaidi huku kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Utaitambua kwa saa za dashibodi: ziko mbele ya dereva. Zikiwa katikati ya gari, hiyo ni ya zamani zaidi, Series II au IIA. Mwenye Peugeot 504 au Toyota ya zamani anaweza kufuata njia hiihii, ila sehemu za kugonga zitabadilika.

Unanunua chesisi na kadi

Injini ya Land Rover inatafutwa ikapatikana. Gia boksi inapatikana. Milango, difu, springi, vyote utavikuta kwa wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au kwa mtu aliyevunja gari lake. Vitu viwili haviko hivyo: chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini inayobeba gari zima, na kadi. Bei yote inasimama hapo.

Anza na kadi, maana haihitaji nauli. Kabla sijapanda basi nauliza kwa simu: kadi ya usajili ipo? Ina jina la nani? Namba za gari zinaanza na nini? Gari lililolala muda mrefu mara nyingi ni la marehemu, na hapo anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala shemeji aliyebaki na funguo. Likiwa na namba za SU (shirika la umma) au za serikali, omba karatasi za mnada au zabuni iliyolitoa. Likiwa na namba za DFP, yaani lilikuja kwa mradi wa wafadhili, ujue liliingia kwa msamaha wa kodi, na likihamia kwa mtu asiye na msamaha kodi inadaiwa. Usikubali kuambiwa "kodi utalipa kidogo tu." Nenda TRA, mamlaka ya mapato, wakupigie hesabu, uiandike daftarini kama unavyoandika gharama ya injini. Kama bado lina zile namba za zamani za TZ, anzia TRA pia kabla hujaenda kuliona. Jambo moja la nafuu: ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, kwa hiyo miaka liliyolala baada ya hapo haikulimbikiza ada hiyo. Madeni ya faini za barabarani na ya maegesho yaangalie kivyake.

Gari lisilo na kadi mimi nalipa bei ya spea tu, hata kama linawaka kwa mara moja. Nimeona watu wawili hapa Kihonda wametengeneza magari mazuri kabisa ambayo hayawezi kutoka getini.

Ukifika, linganisha namba. Ya chesisi kwenye Series III imegongwa mbele kulia, kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele upande wa dereva. Itakuwa imefunikwa na tope, grisi na rangi. Isugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka isomeke, halafu ipige picha. Usiridhike na kile kibati cha ndani, kibati kinafunguliwa kwa bisibisi. Namba ya injini nayo iangalie, kwa kuwa Land Rover nyingi zimeshafungwa injini za Toyota, Nissan au Isuzu na kadi haikurekebishwa.

Lala chini

Vifaa vyangu vinaenea kwenye mfuko mmoja: nyundo ndogo, bisibisi ya kale yenye ncha, sumaku, tochi, brashi ya waya, kamba ya fundi mwashi, spana ya plagi, gunia la kulalia. Vaa ovaroli. Muuzaji akikuona umevaa hivyo atajua hukuja kutazama rangi.

Kuna kitu lazima ukielewe kabla hujagonga. Bodi ya Land Rover ni alumini. Ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam 1948, wakati Uingereza chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita, wakaamua bodi iwe ya alumini na chesisi ibaki chuma. Ndiyo maana gari linaweza kukaa miaka ishirini chini ya mti na mabati yakaonekana mazima, huku chesisi imeliwa kutoka ndani. Chesisi yenyewe ni boksi, ina uwazi katikati. Maji na tope vinaingia, vinakaa humo, kutu inaanzia mahali usipopaona. Ukitazama kwa nje tu utadanganyika, hata kama ni fundi.

Mimi nilidanganyika. Ile ya 2014 ilikuwa imetokea upande wa pwani, ina rangi mpya ya kijani, na chini imepakwa kitu cheusi kizito kila mahali, nikaambiwa ni dawa ya kuzuia kutu. Nikalipa milioni tano na nusu. Siku ya kuanza kazi niliweka jeki chini ya boriti ya nyuma, nikapampu. Jeki ikapanda, gari likabaki chini. Nilipochungulia, kichwa cha jeki kilikuwa kimezama ndani ya chesisi. Nilipokwangua ule weusi nikakuta bati jembamba, puti (ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi), na chini ya puti unga mwekundu wa kutu. Tangu siku hiyo, chesisi iliyopakwa rangi mpya kwenye gari bovu naihesabu mbovu mpaka nyundo yangu iniambie vinginevyo.

Kwa hiyo gonga. Anzia boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, kwa sababu ndiyo inayooza kwanza. Njoo kwenye vishikio vya springi, vyote vinane. Gonga mikono ya pembeni inayotoka kwenye chesisi kushika bodi. Maliza na ncha mbili za mbele zinazobeba bampa. Gonga kila kiganja kimoja, ukisikiliza. Chuma kizima kinaita, kama ile rimu ya gari inayoning'inizwa shuleni kuwa kengele. Chuma kilichooza kinajibu "pu", kama umegonga debe lenye mchanga. Ukisikia "pu", choma kwa bisibisi. Ikizama, chora alama ya chaki na uandike. Sumaku itumie penye uvimbe au ulaini wa ajabu: ikikataa kushika kwenye chesisi, hapo kuna puti. Na kwenye bodi ni kinyume, ikishika ubavuni au kwenye mapaja ya mbele, mtu ameshabandika bati la kawaida palipokuwa na alumini.

Kisha kamba. Pima kutoka kishikio cha springi cha mbele kulia hadi cha nyuma kushoto, halafu upande wa pili, mbele kushoto hadi nyuma kulia. Vipimo viwili viwe sawa. Tofauti ya upana wa kidole sigombani nayo, ila ikifika vidole vitatu gari hilo liliwahi kupinduka au kugongwa na chesisi imekwenda upande.

Hukumu yangu ni hii. Kutu ya ncha na mikono ya pembeni isikutishe, ni kazi ya siku tatu nne ya kuchomelea. Kutu kwenye vishikio vya springi ni pesa, kwa sababu lazima ushushe springi na upime upya. Kutu kwenye zile reli mbili ndefu katikati, au chesisi iliyopinda, hilo ni gari la spea, na bei yake ni ya spea.

Ukitoka chini, fungua mlango wa dereva na uunyanyue kwa mikono miwili. Tazama nguzo unaponing'inia. Nguzo ikicheza, ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva umeoza. Inua mpira wa sakafu, chunguza pale visigino vinapokaa, ndipo maji hutuama. Ukuta huo nao ni chuma, na kuutengeneza kunataka fundi mwenye subira, maana usukani, pedali na milango vyote vinashikwa nao.

Injini: tumia mkono kabla ya betri

Wauzaji hupenda kuleta betri na chupa ya petroli ili "uisikie." Kataa kwanza. Injini iliyolala miaka, ukiipiga stata ikiwa kavu unaweza kukwaruza silinda au kukata ringi zilizoshika, na gharama itakuwa yako.

Vuta kijiti cha oili. Oili nyeusi si tatizo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Fungua rejeta: maji ya kutu yategemee, utando wa oili juu ya maji ni habari nyingine. Halafu toa plagi, mimina oili kidogo kila silinda, uipe nusu saa.

Sasa kitu ninachokipenda kwenye magari haya. Series III ina tundu la hendeli mbele. Hakikisha gia iko huru na betri haijaunganishwa, chomeka hendeli, zungusha taratibu. Ikizunguka, rudisha plagi uzungushe tena, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine ili hendeli isikupige. Injini ya petroli ya 2.25, silinda nne, itakupa mgomo mmoja, yaani pale hendeli inapokuwa nzito mkononi, kila nusu mzunguko, kwa hiyo mizunguko miwili mizima, migomo minne. Funga macho uihesabu. Migomo minne inayolingana, injini hiyo ina uhai. Mmoja ukiwa mlaini, valvu au ringi ya silinda hiyo ina shida. Mkono utakuambia bila hata kipimo. Ya dizeli ni nzito mno kwa njia hii, hiyo ipime kwa geji.

Ikigoma kabisa usikate tamaa wala usilazimishe. Andika "oveholi" na uendelee. Injini iliyoshika ndiyo silaha nzuri ya kupatania bei, wakati kwa kweli si tatizo kubwa kama chesisi.

Gia boksi na difu, fungua nati za kupimia oili uchovye kidole: oili ya maziwa inasema gari liliwahi kuzama mtoni. Jaribu virungu vyote, cha njano na chekundu cha foo wili, vikubali kwenda na kurudi. Nyuma ya magurudumu ya mbele kuna mipira ya chuma inayong'aa. Ikiwa na mashimo ya kutu, sili mpya zitavuja ndani ya mwezi, kwa hiyo andika gharama ya mipira yenyewe. Breki, waya na matairi usipoteze muda kuvikagua. Vihesabu vyote vipya. Tairi la 7.50-16 lililosimama miaka kumi juani limekufa hata kama kashata zake bado ndefu.

Kisichokuwepo ndicho kinachosahaulika kwenye hesabu. Kitu kilichovunjika ni afadhali kuliko kilichopotea, kwa sababu kilichovunjika fundi anakiona na kukiiga. Kipande cha juu cha mlango kisichokuwepo, bawaba za kioo cha mbele, saa za dashibodi, mfuniko wa tangi, vitu hivi utavitafuta miezi. Zunguka gari mara moja kwa kazi hii peke yake, uandike kila kilichokosekana, na muulize mwenyewe kama kipo stoo. Mara nyingi kipo, chini ya kuni.

Daftari

Hesabu yangu inaanzia mwisho. Gari hili likishakuwa zima, linauzwa ngapi? Na hapa uliza watu waliouza, usiulize wanaouza. Tangu tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, kila niliyeongea naye ananitajia milioni ishirini na tano. Anayetaja bei hiyo bado ana gari lake.

Nichukue mfano wa pikapu ya petroli niliyoiona Kilosa Februari 2025. Watu watatu waliouza 109 nzima maeneo yetu mwaka uliotangulia walipata kati ya milioni 15 na 17, nikaandika 16. Halafu gharama, kila moja nimeuliza fundi wake, si ya kukisia. Kuchomelea chesisi Sh 1,200,000. Ukuta wa mbele 600,000. Oveholi ya injini 2,800,000. Gia boksi 700,000. Breki 450,000. Waya 350,000. Matairi 1,500,000. Rejeta 250,000. Bodi na rangi 1,600,000. Viti na vioo 500,000. Jumla Sh 9,950,000.

Juu ya hiyo naongeza theluthi, na siipunguzi hata nikililipenda gari kiasi gani. Theluthi hiyo ni ya mambo ambayo nyundo haikuyaona, na haijawahi kubaki yote. Hapo ikawa kama 13,250,000. Kulisafirisha 350,000, kadi na uhamisho 400,000. Jumla milioni 14. Ukitoa kwenye 16, inabaki milioni 2. Hiyo ndiyo bei yangu ya juu. Kazi ya mikono yangu kwenye bodi nimeihesabu kama ningemlipa fundi mwingine, nawe fanya hivyo, kwa sababu siku unazolala chini ya gari lako hulali chini ya gari la mteja.

Chini ya bei hiyo kuna sakafu: bei ya skrepa. 109 ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na alumini yake inanunuliwa vizuri. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshampa mwenye gari, mama mjane, ofa ya Sh 1,300,000. Hivyo nafasi ya kupatana ilikuwa kati ya milioni moja na laki tatu na milioni mbili, wakati yeye alikuwa anataka sita.

Kupatana

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Mpwa wangu ameyaona yale magari ya Arusha kwenye simu, anasema nisishuke sita."

Sikumbishia. Nilikaa naye mkekani nikamsomea daftari mstari kwa mstari, nikampeleka akaone alama za chaki, nikampa nyundo agonge mwenyewe. Akagonga boriti ya nyuma mara tatu, akanyamaza.

"Kwa hiyo gari la marehemu halina thamani?"

"Thamani inayo mama. Milioni mbili ni thamani yake likiwa hivi lilivyo. Hizo nyingine ni pesa nitakazokwenda kuzitia mimi."

Naamini sana katika njia hii. Mjane akikuuzia kwa kudanganywa, utakuja kumhitaji saini ya pili TRA na hutampata. Akiziona hesabu zako, hata akikataa leo atakupigia kesho. Yeye alimpigia mpwa wake, wakaongea robo saa, tukafunga kwa Sh 2,200,000. Nilivuka mpaka wangu kwa laki mbili kwa sababu barua ya usimamizi wa mirathi ilikuwa tayari na jina lake, na stoo kulikuwa na milango miwili ya akiba. Tuliandika hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, namba ya chesisi imeandikwa kama ilivyo kwenye chuma, picha zikapigwa, ndipo pesa ikatoka. Malipo ya awali ya "kulizuia gari" sijawahi kutoa na sitoi.

Kitu kimoja nilikikosea, nawe kiangalie mapema: gari litatokaje pale lilipo. Lilikuwa chini ya mwembe, na mzizi ulikuwa umekua umepita chini ya gurudumu la nyuma ukaliinua kiganja kizima. Mama aliomba mzizi usikatwe, mwembe ule aliupanda mumewe. Vijana wanne walifukua, wakanyanyua kwa jeki chini ya difu, wakapanga mbao, wakalisukuma inchi kwa inchi tangu asubuhi hadi saa kumi. Tulipakia, tukapita Rudewa na Dumila, tukaingia Kihonda usiku. Posho ya vijana na mbao ilikuwa Sh 120,000, na ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye ile theluthi.